Wino, Karatasi na Kidole cha Mguu: Ada za Kuanzia Utunzi katika Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Bonde la Lambwe, lililoko kati ya milima ya Gwasi na magenge ya Kanyamwa katika Kaunti ya Homa Bay, hujulikana na wageni kwa mambo mawili. La kwanza ni Mbuga ya Ruma, mahali pekee nchini Kenya palipobaki swara aitwaye korongo. La pili ni mbung'o, ambao kwa miaka mingi waliwatia watu na mifugo ugonjwa wa malale na kulifanya bonde hili liogopwe. Ni nadra mgeni kuja huku kutafuta fasihi. Hata hivyo, ni huku ndiko lilikozuka swali la makala haya, tena katika kipindi cha kawaida cha insha cha Kidato cha Tatu.

Muda wa kuandika ulipokwisha, msichana mmoja alinipa karatasi yenye jina lake na kichwa cha insha tu. Hapakuwa na neno jingine. Nilipomwuliza sababu alijibu kwa adabu, "Mwalimu, moyo haujafunguka. Na wewe ulituambia malenga huzaliwa." Kweli nilikuwa nimesema hivyo, wiki moja kabla, nilipokuwa nikimsifu Muyaka bin Haji wa Mombasa. Sikuwa nimefikiri maneno hayo yangepokewaje na mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu, baada ya Kijaluo cha nyumbani na Kiingereza cha darasani. Yeye alielewa kwamba kuna watu wanaojiwa na utungo jinsi mvua inavyojia shamba, na kwamba yeye hayumo miongoni mwao.

Makala haya yananuia kulichunguza suala hilo la moyo kufunguka. Je, mtunzi huingiaje katika hali ya kutunga? Je, jambo hilo linamhusu mhakiki, au ni porojo za maisha ya waandishi? Dai letu ni kwamba ushairi wa Kiswahili umelijibu swali hili ndani ya tungo zenyewe, mahali ambapo sisi walimu tumezoea kupapita haraka. Aidha, tunadai kwamba ada hizo hazikuwa njia ya kusubiri ilhamu. Zilikuwa kazi, nazo ndizo zilizoileta.

Visa vya Ughaibuni na Neno la Kwetu

Visa kuhusu desturi za waandishi ni vingi. Goethe alisimulia kwamba rafikiye Schiller aliweka matufaha yaliyooza katika mtoto wa meza yake, kwa kuwa harufu ile ilimsaidia kuandika. Maya Angelou, mwandishi wa Marekani, alikuwa akikodi chumba cha hoteli akaenda kuandikia huko, mbali na nyumba yake. Visa hivi huwachekesha wanafunzi, lakini haviwafai sana. Huwaachia picha ya mwandishi kama kiumbe wa ajabu mwenye vituko vyake. Mtoto wa Lambwe hana mtoto wa meza wala hoteli. Huandika chini ya taa ya sola, ndugu zake wakipiga kelele.

Yafaa tuanze na neno letu wenyewe. Kutunga, kabla ya kuwa kutunga shairi, ni kupitisha uzi katika vitu ili vikae pamoja kwa mpangilio. Shanga hutungwa. Samaki pia hutungwa. Wanafunzi wetu wanaijua vyema picha hii, maana wamewaona samaki wa Sindo na Mbita wakibebwa wamepitishwa kamba mashavuni, na huo ndio mtungo wa samaki. Atungaye samaki hasubiri moyo ufunguke. Anahitaji samaki, anahitaji kamba, na anahitaji kujua aanzie wapi.

Washairi wa kale waliitumia picha hiyo wakijua maana yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, anapomaliza kumsifu Mungu na Mtume hutaja kwamba anakusudia kutunga koja la lulu. Mwana Kupona binti Mshamu naye humwambia bintiye kwamba atamtungia kidani cha lulu na marijani. Kwa hiyo, katika mapokeo haya mtunzi ni fundi aliyeketi na uzi mkononi. Hapo tayari tumeachana na malenga anayengojea mvua.

Dua, Wino na Karatasi: Mfano wa Mwana Kupona

Katika vitabu vingi vya marudio, mwanafunzi hupewa orodha ya sifa za utenzi. Huambiwa kwamba utenzi una beti nyingi, kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani nane, na mshororo wa mwisho una kina cha bahari kinachofululiza hadi tamati. Kisha huambiwa kwamba "utenzi huanza kwa dua". Mwanafunzi hukariri, mwalimu hutia alama ya vyema, na suala huishia hapo. Tukiuliza dua hiyo inafanya kazi gani, jibu huwa ni kwamba watunzi walikuwa Waislamu. Jibu hilo ni kweli, ila halitoshi.

Tuutazame Utendi wa Mwana Kupona uliotungwa mwaka 1858. Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyefariki miaka miwili hivi kabla yake. Utendi unapofunguka, mama anamwita bintiye asogee karibu, asikilize wasia. Anaeleza kwamba amekamatwa na maradhi kwa muda wa mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumwambia neno jema. Anamtaka aje mbele aketi, akiwa na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni ana jambo analopenda kumwambia. Ndipo anamwagiza aanze kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumtaja Mtume na sahaba zake. Baada ya hayo ndipo wasia unapoanza.

Tukiufuata mpangilio huo tunaona hatua nne. Kwanza, mtunzi anamtaja anayemtungia. Pili, anataja hali aliyo nayo. Tatu, anaitisha vifaa. Nne, anamtaja Mungu, na kwa kufanya hivyo anaitenga saa hiyo na saa nyingine za siku. Mtu mgonjwa, mjane, asiyejua atabakiwa na siku ngapi, hana sababu ya kuwa na moyo uliofunguka. Anaufungua kwa hatua. Kila hatua ni ndogo na inawezekana hata kwa mtu aliyelala kitandani.

Aidha, ada hii ina mwisho wake. Kuelekea tamati, mtunzi huyu anataja idadi ya beti zake, ambazo ni 102, na mwaka wa utunzi kwa hesabu ya Hijria, yaani 1275. Watunzi wengi wa tendi hufanya vivyo hivyo, wakitaja majina yao na kuomba radhi kwa makosa. Ulioanza kwa kubisha hodi unaisha kwa kuaga. Mhakiki anayezisoma beti hizi kama mapambo anaukosa muundo wenyewe wa kazi, maana utunzi hapa umepewa mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama ada hii inamfaa mwanafunzi asiye Mwislamu, na wengi wa wanafunzi wa Lambwe ni Wakristo. Mathias Mnyampala alikwisha kulijibu swali hilo. Yeye alikuwa Mgogo wa Dodoma, Mkristo, mbali na pwani, naye aliitia Injili na Zaburi katika bahari ya utenzi. Hakuona kwamba umbo hilo lilikuwa mali ya wenye dini fulani au ukoo fulani. Alilikuta, akajifunza, akalitumia.

Pasipo Wino wala Karatasi

Hoja yetu haina budi kupimwa kwa mfano mgumu zaidi. Ikiwa ada ya mtunzi ni kuitisha wino na karatasi, je, atafanyaje aliyenyang'anywa vyote viwili?

Abdilatif Abdalla alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa sababu ya kijitabu cha kisiasa alichokiita Kenya: Twendapi? Alitumikia kifungo cha miaka mitatu, akaachiliwa mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Inajulikana kwamba aliyaandika kwa siri, kwenye karatasi za msalani. Miaka michache baadaye Ngugi wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika kwenye karatasi za aina hiyo riwaya ya Kikuyu ambayo kwa Kiswahili ilikuja kuitwa Shetani Msalabani.

Wengi tumevisimulia visa hivi darasani kama mifano ya ujasiri, na ni sawa. Hata hivyo, mhakiki yampasa aulize swali la kiufundi: mfungwa asiye na dawati, asiye na kitabu, asiye na uhakika kama karatasi yake haitanaswa kesho, alianzia wapi? Kwa Abdilatif, jibu mojawapo limo katika umbo la mashairi yake. Mshororo wa mizani kumi na sita, uliogawanyika nane kwa nane, wenye vina vya kati na vya mwisho, ni chombo kinachobebeka kichwani. Mtu anaweza kuupima kwa vidole, akaurudia akitembea, akaulaza usiku na kuukuta asubuhi. Mapokeo ya Mombasa, ambako washairi walijibizana kwa ghibu tangu enzi za Muyaka, yalikuwa yamemfundisha kwamba shairi laweza kukamilika kabla ya kugusa karatasi.

Kwa mtazamo huu, arudhi yenyewe ni ada. Imezoeleka kusemwa katika mjadala wa wanamapokeo na wanamabadiliko kwamba vina na mizani ni pingu zinazombana mtunzi. Katika Sauti ya Dhiki mambo yaligeuka. Aliyekuwa na pingu halisi aliingia katika mizani, na humo akapata nafasi ya kujongea.

Hatudai kwamba arudhi ndiyo njia pekee. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982, na diwani yake ya Chembe cha Moyo (1988), iliyotokana kwa kiasi kikubwa na kipindi hicho, ina mashairi huru pamoja na yenye kufuata kanuni. Euphrase Kezilahabi naye, katika Kichomi (1974), alionyesha kwamba shairi laweza kushika mdundo wa mazungumzo likasimama. Mtunzi wa shairi huru hana mlango uliochongwa na wengine, kwa hiyo analazimika kuchonga wake kila mara. Ndiyo maana tunasita kumwanzisha mwanafunzi huko. Si kwa sababu shairi huru ni rahisi, bali kwa sababu mwanzo wake ni mgumu zaidi.

Kidole cha Mguu

Mwalimu anayefundisha Lambwe, iwe upande wa Homa Bay au kuvuka kuingia Migori, hana haja ya kwenda pwani ili apate mfano wa kwanza. Nyatiti ipo hapa hapa.

Nyatiti ni ala ya nyuzi nane. Kwa desturi mpigaji huketi kwenye kigoda, ala ikiwa imelazwa kando yake. Katika kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, ambayo huigonga kwenye ubao wa ala, na mguuni huvaa njuga ziitwazo gara. Kabla ya kuimba huzikaza nyuzi na kuzijaribu mmoja mmoja. Kisha mguu huanza, vidole vya mkono hufuata, na maneno huja mwishoni. Msanii huyu huimba matangani na harusini, mara nyingi akiwataja watu waliokuwapo na mambo yaliyotukia karibuni. Hana budi kutunga papo hapo, na mguu ndio unaomshikia mahali wakati akilitafuta neno.

Lipo jambo jingine la kuzingatiwa. Katika pakruok, msikilizaji huusimamisha muziki, hutoa chochote, hujisifu au kuwasifu jamaa na marafiki zake, kisha muziki huendelea. Kwa msanii aliyekauka, kukatizwa huko ni msaada: hupewa majina na sifa za kufanyia kazi. Kusini mwa ziwa, kwa Wasukuma, mapokeo ya ngoma za mashindano baina ya Bagika na Bagalu yana dawa za manju zinazokusudiwa kuuvuta umati. Tunaona kwamba hata pale ada inapovaa sura ya uganga, shabaha yake ni uhusiano wa msanii na hadhira.

Tukiweka nyatiti na utendi wa Mwana Kupona sambamba, mfanano ni dhahiri. Kote kuna kuketi, kuna kutengeneza vifaa, kuna mdundo uliorithiwa, na kuna mtu anayeambiwa. Kote ilhamu haikutangulia. Msichana wangu wa karatasi tupu alikuwa amekulia kwenye sauti ya nyatiti za matanga, lakini hakuna aliyemwambia kwamba alichokuwa akikisikia ni somo la utunzi. Kosa hilo lilikuwa langu.

Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni la kinadharia. Tangu Roland Barthes alipotangaza kifo cha mwandishi katika makala yake ya mwaka 1967, wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba tabia za mtunzi hazina nafasi katika uhakiki, kwa kuwa kilichopo mbele yetu ni matini. Tunakubali kwamba matufaha ya Schiller hayatufafanulii tamthilia zake. Lakini wino na karatasi ya Mwana Kupona vimo ndani ya matini. Ni beti, zina vina, zina mizani. Mhakiki anayeishikilia matini ndiye hasa anayepaswa kuzisoma.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka darasani. Je, wanafunzi wetu hawana ada tayari? Msahihishaji yeyote wa insha anaijua: jua linachomoza mashariki, ndege wanaimba matawini, majani yana umande, na mhusika anaamka. Aya hiyo imekaririwa neno kwa neno na kutiwa mwanzoni mwa kila insha, hata ile ya ajali ya usiku wa manane. Hiyo nayo ni ada ya kuanzia. Kwa nini tuisifu dua na kuilaumu hii?

Tofauti tunaiona hivi. Ni kweli kwamba Bismillahi ni ya tendi zote, na kwa sehemu hiyo inahamishika kama vile jua na ndege. Lakini Mwana Kupona anaposema ni mgonjwa wa mwaka mzima, na kwamba anayeitwa ni bintiye, maneno hayo hayawezi kuhamishiwa kwenye utungo wa mtu mwingine. Ada yake ina sehemu mbili: iliyo ya wote, inayomtia moyo kwamba wengine walipita hapo kabla yake, na iliyo yake peke yake. Aya ya jua na ndege ina sehemu ya kwanza tu. Humwezesha mwanafunzi kujaza mistari sita bila ya kuingia ndani. Ada hai humsogeza mtunzi karibu na jambo lake; ada iliyokufa humkinga nalo.

Kutokana na hayo tunapata kipimo kinachoweza kutumiwa na mwalimu na mwanafunzi wake: je, mwanzo huu waweza kuhamishiwa kwenye insha nyingine? Ukiweza wote, haujaanza.

Mapendekezo kwa Mwalimu

Kwa miaka mingi karatasi ya Insha ya KCSE (102/1) imempa mtahiniwa saa 1 na dakika 45 za kuandika insha mbili. Hapana muda wa kungojea moyo. Tunapendekeza yafuatayo, ambayo tumeyajaribu wenyewe.

Kwanza, mwalimu anapofundisha utenzi asiishie kusema kwamba huanza kwa dua. Awaulize wanafunzi: nani anaitwa? Mtunzi ana hali gani? Anaomba nini? Maswali haya huwaleta karibu na maudhui kuliko orodha ya sifa.

Pili, kabla ya kuandika insha, mwanafunzi aandike pembeni sentensi tatu zisizosahihishwa: ninamwandikia nani, niko katika hali gani leo, na ninataka ajue nini. Sentensi hizo si sehemu ya insha. Ni wino na karatasi.

Tatu, katika somo la ushairi darasa lipige mizani kwa mguu kabla ya kutafuta maneno. Atakayeona haya aruhusiwe kugonga kwa kidole mezani. Kisha kila mmoja atoe mshororo mmoja wa mizani nane juu ya jambo la kweli la siku hiyo, hata kama ni uji uliochelewa.

Nne, na hili ni la kwetu sisi walimu, tuache kusema kwamba malenga huzaliwa. Kila mtu huzaliwa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, lakini vitabu vyake vingi aliviandika akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, katika forodha, kisha idara ya wanyamapori, kisha ofisi ya wilaya na ya upimaji. Aliandika akiwa na mwajiri, familia na uhamisho. Mwanafunzi akiyajua hayo, atakuwa na sababu ndogo ya kuirudisha karatasi tupu.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba ada za kuanzia utunzi katika mapokeo ya Kiswahili ni sehemu ya matini na ni sehemu ya kazi ya mtunzi. Mwana Kupona aliziandika wazi. Abdilatif Abdalla, alipokosa vifaa, alibaki na mizani. Mpiga nyatiti huanza na kidole cha mguu. Hakuna kati yao aliyekaa akisubiri.

Kuhusu yule msichana, sitaki kudai muujiza. Muhula uliofuata aliandika pembeni mwa karatasi yake kwamba anamwandikia nyanya yake asiyejua kusoma, kwamba ana njaa, na kwamba anataka nyanya ajue ng'ombe wa urithi alivyokufa. Insha yenyewe ilikuwa na makosa mengi ya upatanisho wa kisarufi, na alama niliyompa haikuwa kubwa. Lakini ilianza na ng'ombe, wala haikuwa na jua linalochomoza. Nilipofika mwisho nilikuta ametia jina lake kwa mara ya pili, pamoja na tarehe, kama wafanyavyo watunzi wa tendi. Sikuwa nimemwagiza.